Joto la prosesa: tuache kuazima namba za watu wa baridi

Najua nimekuwa kimya, wengine mmeshaanza kuuliza kama nimedisko. Hapana, nipo, nadunda, ni utafiti wa mwaka wa mwisho tu pamoja na foleni ya maji hapa hosteli. Leo sina udaku wa kafteria wala habari ya nani kamwagana na nani. Nina ishu moja inayonikera kila bumu linapotoka. Bumu likitoka, hakosi msela kwenye korido yetu anayenunua kompyuta ya mezani ya kuunga vipande, kipande kimoja Kariakoo kingine kwa mtu, na wiki haiishi ameshaanza kuovakloki.

Kwa wale wa sheria na fasihi, msikimbie, naeleza. Prosesa ni ule ubongo wa kompyuta, kipande kidogo cha silikoni kilichofichwa chini ya feni. Simaanishi boksi zima ambalo wengi wetu tunaliita CPU. Kiwandani prosesa inapewa kasi yake, tuseme gigahezi 4, na volti za kuiendesha. Kuovakloki ni kuingia kwenye bayosi na kuilazimisha ikimbie zaidi ya hapo. Ikigoma, unaiongezea volti. Ukiiongezea volti, inachemka. Ndipo jamaa anakuja mlangoni kwako saa nne usiku: "Oya, nyuzi ngapi ni salama?"

Na kila mara hakosi mjuaji wa kujibu haraka haraka: "Chini ya 80 poa tu." Mwingine anasema 70. Mwingine, mwenye roho ngumu, anasema hata 95 twende, kinga ipo. Wote watatu wameisoma namba yao mahali fulani kwenye intaneti, na wote watatu wanaitoa kama vile joto la prosesa ni joto la mwili wa binadamu, kwamba likipita 37 basi mtu anaumwa, awe Mbeya awe Tanga.

Maoni yangu, na mnipinge mkitaka: hakuna namba moja. Namba salama unaitengeneza wewe kwa vitu vitatu, yaani kikomo cha prosesa yako, joto la chumba chako, na volti ulizoipa. Na kwa sisi tunaoishi pwani, ukishavipiga hesabu vitu hivyo vitatu, mara nyingi jibu ni kwamba hupaswi kuovakloki kabisa. Ngoja nieleze kabla hamjanizomea.

Kwanza, kikomo cha nani?

Kila prosesa ina kikomo chake kilichoandikwa na mtengenezaji. Ryzen 5 3600 ya mwaka 2019, ambayo naiona sana kwa masela hapa, kikomo chake ni nyuzi 95. Ryzen 7 5800X ya mwaka uliofuata ni 90. Ryzen 7 7800X3D ni 89. Intel nyingi za mezani za miaka ya karibuni ni 100. Sasa rudi nyuma kidogo: FX-8350 ya AMD, ile ya mwaka 2012, ilikuwa takriban 61 tu! Mtu mwenye FX akiambiwa "chini ya 80 poa" ameshapotezwa, na mwenye Intel ya kisasa akiambiwa "usizidi 60" atakosa usingizi bure.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao hata wajuaji unawapiga chenga. Majedwali ya zamani ya Intel yalikuwa yanaandika joto la kifuniko cha chuma cha prosesa, si la silikoni yenyewe ndani. Core i5-2500K ya mwaka 2011, kwa mfano, iliandikiwa nyuzi 72.6, lakini hiyo ni ya kifuniko. Programu unazopakua leo, kama HWiNFO au Core Temp, zinakuonyesha joto la ndani ya silikoni, ambalo siku zote liko juu zaidi. Kuchukua namba ya kifuniko ukailinganisha na namba ya ndani ni sawa na kupima uji kwa kugusa sufuria kwa nje.

Na vihisi vyenyewe vina mambo yake. Vya Intel havihesabu joto kutoka sifuri kwenda juu kama kipimajoto cha zahanati, vinahesabu umebakiza nyuzi ngapi kufika kikomo, halafu programu inatoa. Ndiyo maana namba huaminika zaidi kompyuta ikiwa moto kuliko ikiwa imelala. AMD nao mwaka 2017 walipotoa Ryzen 7 1700X na 1800X, waliongeza nyuzi 20 za bandia kwenye usomaji ili feni ziwahi kuzunguka kwa kasi. Watu duniani kote wakaona 80 wakaanza kupiga makelele, kumbe kweli ni 60! Kwa hiyo kabla hujauliza mtu nyuzi ngapi ni salama, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, andika jina kamili la prosesa yako, soma kikomo chake. Dakika mbili tu.

Pili, chumba chako

Hapa ndipo ugomvi wangu mkubwa ulipo. Feni haitengenezi baridi. Feni, hata iwe kubwa kama sinia la pilau, kazi yake ni kuhamisha joto kutoka kwenye chuma kwenda kwenye hewa ya chumbani. Hata zile mashine za kupooza kwa maji zenye taa za rangi rangi, mwisho wa safari zinatupa joto kwenye hewa hiyo hiyo. Maana yake prosesa yako haiwezi kuwa baridi kuliko chumba. Unaanzia kwenye joto la chumba, halafu unapanda.

Jamaa anayeandika mwongozo akiwa Sweden au Kanada ana chumba chenye nyuzi 20. Anaitesa prosesa yake kwa programu nzito, anapata 75. Anaandika kwa furaha: imefika 75, salama kabisa. Alichopata hasa ni nyuzi 55 juu ya chumba. Sasa chukua kompyuta ile ile, feni ile ile, volti zile zile, uilete Dar mchana wa Februari, chumba cha watu wanne pamoja na wawili wanaobebwa, dirisha moja, nyuzi 31 ndani. Hamsini na tano juu ya 31 ni 86. Hujagusa kitu, hujakosea kitu, umesafiri tu. Tena hapo nimekuwa mpole, kwa sababu silikoni ikiwa ya moto inavujisha umeme zaidi, na umeme huo nao unageuka joto.

Na hiyo 31 ni ya chumba, si ya ndani ya boksi. Wengi wetu boksi tumelisukuma chini ya meza, limeegemea ukuta, juu yake kuna madaftari, pembeni kuna ndoo. Hewa inayoingia kwenye feni ya prosesa ni ile iliyokwisha kupashwa na kadi ya picha. Usishangae hewa hiyo ikiwa 38.

Kwa hiyo tujifunze kusema joto kwa namna nyingine. Usiniambie "nina 78". Niambie "nina 47 juu ya chumba, saa nane mchana". Hapo naweza kukulinganisha na mtu wa Mbeya, na mtu wa Sweden, na wewe mwenyewe wa mwezi wa saba. Ukipima usiku wa manane Julai ukaridhika, Februari saa nane mchana itakuumbua.

Tatu, hesabu ya moto

Wale wa uhandisi wanaijua hii, wengine nifuateni taratibu. Joto linalotoka kwenye prosesa linakwenda sambamba na kasi, lakini linakwenda na volti mara mbili, yaani volti zidisha volti. Kasi ikipanda kwa asilimia 10, joto linapanda kwa asilimia 10. Volti zikipanda kwa asilimia 10, joto linapanda kwa asilimia 21. Na shida ya kuovakloki ni kwamba vyote viwili hupanda pamoja.

Tuchukue mfano. Prosesa inakwenda gigahezi 4.0 kwa volti 1.20, na chini ya kazi nzito iko nyuzi 45 juu ya chumba. Unaipandisha hadi 4.4, inagoma, unaipa volti 1.35 inatulia. Kasi imeongezeka asilimia 10. Joto limeongezeka kiasi gani? Zidisha 1.1 kwa 1.125 kwa 1.125, unapata kama 1.39. Asilimia 39! Zile nyuzi 45 juu ya chumba zimekuwa karibu 63.

Kwa mtu wa chumba cha nyuzi 20, ametoka 65 kwenda 83. Kama kikomo chake ni 95, bado ana nyuzi 12 mkononi, na ana haki ya kuandika mwongozo wake. Kwa wewe wa chumba cha 31, umetoka 76 kwenda 94. Umebakiza nyuzi moja. Mwenzako akifungua mlango wa korido ukaingia upepo wa moto, kwisha habari.

Hiyo ndiyo sababu nasema tumeazima namba. Mwongozo haukudanganya. Volti 1.35 kwa yule bwana zilikuwa na nafasi, kwako hazina.

"Lakini si inajilinda yenyewe?"

Hii ndiyo hoja ya akina roho ngumu, na nakiri ina nguvu, sitaidharau. Ni kweli prosesa za leo zinajilinda. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilitoa video iliyotikisa wapenzi wa kompyuta. Waling'oa kipoozeo kwenye prosesa wakati mchezo unaendelea. Athlon za wakati ule zilitoa moshi na kufa papo hapo. Pentium 4 ilipunguza mwendo, mchezo ukawa wa kobe, lakini ikabaki hai. Tangu hapo kinga zimeboreshwa sana kwa kampuni zote mbili. Leo prosesa ikigusa kikomo inajipunguza kasi, na ikizidiwa kabisa kompyuta inajizima. Tena AMD walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 walisema wazi kwamba zile za juu zimeundwa kufika 95 chini ya kazi nzito na kukaa hapo. Kwa hiyo mtu anayepata kiwewe akiona 85 kwenye kompyuta ambayo hajaigusa, namwambia tulia, kunywa maji, ndivyo ilivyoundwa.

Ila tuwe wakweli. Kinga hiyo iliundwa ikukinge na kifo cha ghafla. Haikuundwa ikupe ulichokuwa unakitafuta. Kama umeovakloki hadi 4.4 halafu mchana prosesa inajishusha hadi 3.8 kwa sababu imegusa kikomo, basi umetumia volti zaidi na umeme zaidi kupata kasi ndogo kuliko ya kiwandani. Hiyo dili gani?

La pili, baadhi ya bodi hukuruhusu kusogeza mipaka ya kinga hizo kwenye bayosi, na miongozo mingi inakwambia uisogeze ili "upate kasi yote". Unaondoa breki halafu unajisifu kwamba gari lina breki.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi maana tuko msimu wa utafiti: prosesa iliyosukumwa kupita kiasi huanza kukosea hesabu kabla haijagusa kikomo chochote. Haizimi. Haitoi skrini ya bluu. Inakosea tu namba, kimya kimya. Ndiyo maana watu wanaojua kazi hutumia Prime95, programu ya mradi wa kutafuta namba tasa kubwa ulioanza mwaka 1996, kwa sababu inakagua hesabu zake yenyewe na kupiga kelele ikiona jibu limepotoka. Programu yako ya takwimu haina muda huo. Itakupa jibu, utalibandika kwenye sura ya nne, utalitetea mbele ya wahadhiri. Mchezo ukikosea, gari linapita ukutani, mnacheka. Data ya miezi sita ikikosea, hakuna wa kucheka.

Volti ndizo muuaji mkimya

Masela wanaangalia nyuzi tu kwa sababu nyuzi zinaonekana. Ila prosesa inaweza kuwa na joto zuri kabisa na bado inakufa.

Ndani ya silikoni kuna nyaya nyembamba mno. Umeme mwingi ukipita, unasukuma chembe za chuma kidogo kidogo kama mto unavyokula kingo zake. James Black wa Motorola aliandika hesabu ya jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1960, na hesabu hiyo ina vitu viwili vinavyofupisha maisha ya waya: wingi wa umeme unaopita na joto. Vikiwa pamoja, vinapeana mkono. Prosesa haifi leo. Ila kasi iliyokuwa inashika kwa volti 1.30 mwaka jana, mwaka huu inataka 1.33, halafu 1.36, halafu inagoma kabisa.

Mnadhani natisha watoto? Mwaka 2024 dunia nzima ilishuhudia. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilianza kugoma kwa watu wengi, michezo inazima, programu zinaanguka, na wengi wao hawakuwa wameovakloki chochote. Intel walipomaliza uchunguzi mwaka ule ule walieleza kwamba sehemu ya ndani ya prosesa ilikuwa inazeeka mapema kwa sababu ya volti zilizopanda mno pamoja na joto. Walitoa marekebisho ya bayosi na kuongeza dhamana kwa miaka miwili zaidi. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya, lakini prosesa iliyokwisha kuharibika hayairudishi. Mwaka mmoja kabla, 2023, baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua hadi kuvimba zikiwa kwenye bodi zao, na dawa ilikuwa kuweka kikomo cha volti 1.3 kwenye sehemu moja ya prosesa hizo. Volti jamani, volti!

Sasa kama volti za kiwandani zenyewe zimewahi kuleta balaa kiasi hicho, msela wa mwaka wa pili anayeongeza 0.15 kwa sababu ameona kwenye video anacheza na nini? Na wale waliopatwa walikuwa na dhamana. Sisi prosesa zetu nyingi ni za mkono wa pili, dhamana yake ni "ikisumbua nipigie", na namba haipokelewi.

Je, tunapata nini?

Hapa ndipo naomba tukae kitako. Zamani kuovakloki kulikuwa na maana kubwa kwa mtu asiye na hela. Mwaka 1998 kulikuwa na Celeron 300A, prosesa ya bei poa ya megahezi 300. Ulikuwa unabadilisha mpangilio mmoja kwenye bodi, kutoka 66 kwenda 100, na nyingi zilikimbia 450 bila kuguna. Nusu nzima ya kasi, bure! Ningekuwepo enzi hizo na kompyuta, hata mimi ningefanya.

Lakini watengenezaji si wajinga. Waliona kuna kasi imelala, wakaanza kuiuza wenyewe. Tangu mwaka 2008, Intel walipotoa Core i7 za kwanza, prosesa zinajiongezea kasi zenyewe kukiwa na nafasi ya joto na umeme. Za leo zinafanya hivyo mara nyingi kwa sekunde, kwa ustadi ambao wewe na bayosi yako hamuuwezi. Kilichobaki kwenye sufuria ni ukoko. Ukipambana sana unapata asilimia 5, ukibahatika 10.

Asilimia 10 ni nini? Kazi ya kuchakata video inayochukua saa nzima itachukua dakika 54 na nusu. Umeokoa dakika tano na ushee, unazozimaliza kwenye foleni ya chai. Michezo mingi inasubiri kadi ya picha, si prosesa. Kuandika ripoti hakubadiliki hata chembe. Na kama kompyuta yako ni nzito kufunguka, tatizo karibu kila mara ni diski ya kuzunguka au kumbukumbu ndogo. Hela ya kipoozeo kikubwa ungenunulia SSD, ungeona tofauti siku hiyo hiyo.

Halafu kuna wale wenye maboksi ya ofisini yaliyotumika, Dell na HP zinazoshushwa kwa wingi mjini. Ndugu zangu, nyingi ya hizo haziovaklokiki kabisa. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni na bodi inayoruhusu. Msipoteze usiku kutafuta kitufe ambacho hakipo.

Basi tufanyeje?

Sikuja kulalamika tu. Haya ndiyo ninayoyaamini na ninayomwambia kila anayegonga mlango:

1. Jua kikomo cha prosesa yako kwa jina lake. Kisha ujiwekee akiba ya nyuzi 15 chini ya kikomo hicho, ukiwa unaitesa kwa kazi nzito nusu saa nzima, saa nane mchana, msimu wa joto, mlango umefungwa. Kikomo 95, basi wewe simama 80. Kikomo 100, simama 85. Hiyo akiba ni ya vumbi la miezi mitatu ijayo na siku ambayo feni itachoka. Hii ni namba yangu mimi, si sheria ya Musa, lakini nimeipigia hesabu ya hapa hapa.

2. Kabla ya kuongeza kitu chochote, safisha. Vumbi la hapa likichanganyika na unyevu wa pwani linakuwa kama blanketi kwenye mapezi ya kipoozeo. Zima, chomoa waya, chukua brashi mpya ya rangi, shikilia feni isizunguke, sugua taratibu. Badilisha pesti ya prosesa kama imekauka, kiasi cha punje ya dengu kinatosha. Na tafadhali, dawa ya meno ni ya meno. Inakauka baada ya muda mfupi unarudi ulikotoka.

3. Toa boksi chini ya meza. Liachie nafasi ya shubiri moja nyuma na pembeni. Kufungua ubavu na kuelekeza feni ya mezani kunasaidia kweli, nimeona nyuzi zikishuka, ila utasafisha vumbi mara mbili zaidi. Chagua lipi unaliweza.

4. Badala ya kuongeza volti, zipunguze! Hili ndilo jambo ambalo miongozo ya watu wa baridi hailitilii mkazo, na kwetu ndilo lenye faida. Kiwandani wanaweka volti za kutosheleza hata prosesa dhaifu kuliko zote, kwa hiyo ya kwako huenda ina ziada. Shusha kidogo kidogo, hatua za 0.02, kila hatua ijaribu kwa saa kadhaa. Kumbuka ile hesabu ya volti zidisha volti: ukitoka 1.20 kwenda 1.10 kwa kasi ile ile, joto linapungua kama asilimia 16. Zile nyuzi 45 juu ya chumba zinakuwa 38. Na kwa kuwa prosesa za leo hujiongezea kasi zikipata nafasi ya joto, unaweza kujikuta umepata kasi kidogo ya bure, mchana wa Februari, bila kuua kitu. Wenye Ryzen mpya wana Eco Mode ambayo inapunguza wati kwa kubofya tu.

5. Kompyuta yenye utafiti wako usiovakloki. Nukta. Kama unayo ya pili ya kuchezea, hiyo ichome upendavyo, nitakuja kuangalia.

Najua wapo watakaosema naua utamu. Kwamba kuovakloki si hesabu ya dakika tano, ni mchezo, ni raha ya kujua mashine yako inafika wapi. Hapo nawaelewa. Wapo watu wanaomwagia prosesa naitrojeni ya maji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri ili wavunje rekodi kwa sekunde chache. Mwaka 2011 FX moja ya AMD ilifikishwa gigahezi 8.429 kwa mtindo huo wa ubaridi wa kutisha, ikaingia kitabu cha Guinness. Ule ni ufundi na nauheshimu. Ila hakuna aliyepeleka prosesa ile kwenye mtihani siku ya pili yake. Walijua wanacheza, na walijua wanacheza na kitu ambacho wako tayari kukipoteza. Mwanafunzi aliyekula wali maharage mwezi mzima ili anunue prosesa moja hayuko tayari kuipoteza, asijidanganye.

Kwa hiyo siku nyingine mtu akikuuliza nyuzi ngapi ni salama, usimtajie namba. Muulize prosesa gani, chumba kina joto gani, volti ngapi, na ndani ya hiyo kompyuta kuna nini. Akimaliza kujibu hayo manne atakuwa ameshapata jibu lake mwenyewe.

Mwenye vipimo vya chumba chake aviweke hapa chini, ila aseme na saa aliyopimia. Hasa nyie wa Iringa na Mbeya, nataka kuwaonea wivu kwa namba kamili. Mimi narudi kwenye sura ya nne. Tutaonana maji yakitoka.